Roxette: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Waswidi wawili na namba moja zao nne

Roxette ni akina nani?

Ni Per Gessle na Marie Fredriksson, wote wa Uswidi. Per alizaliwa Halmstad, mji wa pwani, mwaka 1959. Ndiye aliyetunga karibu nyimbo zote, akipiga gitaa na kuimba pale wimbo ulipotaka sauti ya kiume isiyo na mbwembwe. Marie alizaliwa 1958 akakulia kijiji cha Östra Ljungby, na sauti yake ndiyo unayoikumbuka hata kama jina la kundi limekutoka. Kati ya Aprili 1989 na Mei 1991 nyimbo zao 4 zilishika namba moja kwenye Billboard Hot 100, chati kubwa ya Marekani. ABBA, ambao hutajwa kila Uswidi ikitajwa, walifika pale mara 1 tu, mwaka 1977, kwa Dancing Queen.

Walikuwa mtu na mkewe?

Hapana, wala uchumba haukuwepo. Marie aliolewa na mwanamuziki Mikael Bolyos, na Per naye ana mkewe. Naelewa swali linatoka wapi: ukimtazama Marie anavyoimba mapenzi kwenye video, na yule jamaa mwenye nywele za timutimu kasimama pembeni na gitaa, lazima moyo ukuambie kuna kitu. Kilichokuwepo ni kazi, na urafiki ulioanza kabla hata jina la Roxette halijawa lao.

Kabla ya 1989 walikuwa wapi?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanadhani waliota ghafla kama uyoga baada ya mvua, kumbe nyumbani kwao walikuwa majina makubwa zamani.

Per alikuwa kiongozi wa Gyllene Tider, bendi ya vijana wa Halmstad walioimba Kiswidi na kupagawisha wasichana wa nchi nzima kuanzia 1980. Kibao chao cha 1982, Sommartider, hadi leo majira ya joto hayajakamilika Uswidi bila kupigwa. Marie alitoka familia ya kipato cha chini, mtoto wa mwisho kati ya watano, baba yake akipeleka barua. Alipokuwa na miaka 7 dada yake mkubwa alifariki kwa ajali ya gari, na nyumba ile haikuwa tena kama zamani. Alisomea muziki Svalöv, akahamia Halmstad, akaingia bendi ndogo ndogo. Mji ni mdogo na vyumba vya mazoezi ni vichache, kwa hiyo wakafahamiana. Akawa anaitikia kwenye rekodi za Gyllene Tider, kisha mwaka 1984 akatoa albamu yake ya kwanza, Het vind, akawa nyota peke yake.

Kufikia 1985 Gyllene Tider ilikuwa imesambaratika na Per ana nyimbo mkononi lakini hana wa kuziimba. Mmoja alimtungia mwimbaji mwingine kwa Kiswidi, mwimbaji akaukataa. Rolf Nyberg, bosi wa kampuni ya rekodi ya EMI Uswidi, akamwambia: utie Kiingereza, uimbe na Marie. Ndipo ikatoka Neverending Love mwaka 1986.

Sasa tazama jalada la santuri ile: hakuna sura ya mtu. Marie alikuwa na soko lake la Kiswidi linalomlisha, na watu wa karibu naye walimwonya asiliharibu kwa mchezo wa Kiingereza. Kwa hiyo wakatoka wamejificha. Ikibuma, hakuna anayeaibika. Haikubuma, Uswidi ilipanda hadi tano bora, na albamu ya Pearls of Passion ikafuata mwaka uleule. Nje ya Uswidi hakuna aliyegeuza shingo.

Jina Roxette lina maana gani?

Ni jina la wimbo wa bendi ya Kiingereza, Dr. Feelgood, wa miaka ya 1970. Gyllene Tider walipojaribu kutoa rekodi ya Kiingereza Marekani mwaka 1984 walilitumia, jaribio likafa, jina likabaki kabatini. Per akalitoa tena.

Ni kweli mwanafunzi mmoja ndiye aliyewatoa?

Kweli, ila hadithi imesimuliwa mara nyingi mpaka imeanza kuonekana kama ngano, kwa hiyo tuipitie taratibu.

Albamu ya pili, Look Sharp!, ilitoka Uswidi Oktoba 1988. Nyumbani iliuza sana. Ikapelekwa kwa ndugu zao wa EMI upande wa Marekani, wakaisikiliza, wakasema haifai kwa soko la kwao. Mlango ukafungwa, na kwa kawaida habari ingeishia hapo. Uswidi ilikuwa nchi ya watu milioni 8 na ushei, na bendi ya kwao iliyokataliwa na Wamarekani haikuwa habari.

Wakati huohuo kijana wa Kimarekani aliyekuwa Uswidi kwa masomo ya kubadilishana wanafunzi alirudi kwao Minneapolis na albamu ile kwenye begi. Akaipeleka kituo cha redio cha mjini, KDWB, akaomba waipige. Ikakaa. Yeyote aliyewahi kupeleka kazi yake redio anajua "ikakaa" maana yake nini: juu ya meza, chini ya zingine. Kijana akarudi kuidai mali yake. Hapo ndipo mkuu wa vipindi alipoona aibu ya kumrudishia kitu asichokisikiliza, akaiweka kwenye mashine. Wimbo wa kwanza kabisa wa albamu ile ni The Look.

Wakaupiga hewani, simu zikaanza kuita. Wasikilizaji wanataka kujua ni nani huyu, wengine wanataka urudiwe. Kituo kikatoa nakala, zikatumwa kwa vituo vingine, navyo yakawakuta yaleyale. Fikiria: kampuni ya Marekani haijatoa hata santuri moja, wimbo tayari unapigwa nchi nzima. Ilibidi EMI wakimbie nyuma ya gari walilokataa kupanda. Aprili 8, 1989, The Look ukawa namba moja Marekani.

Kinachonikera ni watu wanaoishia hapo na kusema "bahati tu". Bahati ilikuwepo, tena ya mtende. Lakini huyo mkuu wa vipindi angekutana na wimbo dhaifu hapo mwanzo wa albamu, angeutoa baada ya nusu dakika na kumkabidhi kijana mali yake. Na nyuma ya The Look, kwenye albamu ileile, zilikuwa zimepanga foleni Dressed for Success, Listen to Your Heart na Dangerous. Wengi wanaopata mlango wazi hawana cha kuingiza ndani. Hawa walikuwa na shehena.

Zamani namba moja ilihesabiwaje? Si hakukuwa na intaneti.

Mwaka 1989 Billboard ilichanganya vitu viwili: vituo vya redio viliripoti nyimbo walizokuwa wakipiga, na maduka yakaripoti kilichouzwa. Ripoti zilitoka kwa watu, si kwa mashine, kwa hiyo mpangaji vipindi wa redio alikuwa na nguvu kubwa, na vituo vilitazamana: kituo cha Minneapolis kikishika wimbo, cha mji mwingine kinatega sikio. Mwaka 1991 ndipo hesabu ikahamia kwenye kompyuta, mauzo yakisomwa dukani kwa mashine. Namba moja zote 4 za Roxette kwenye Hot 100 zilipatikana kwa utaratibu wa zamani, ule uliowapa wapiga muziki wa redio kiti cha mbele. Hadithi ya Minneapolis isingewezekana kwa namna ileile miaka michache baadaye.

The Look unahusu nini? Maneno yake hayashikiki.

Usijilaumu. Per alikuwa amenunua kinanda kipya cha umeme, anajifunza kukitumia, na maneno ya beti za mwanzo aliyaweka ya kushikilia nafasi tu, ili apate mdundo, akikusudia kuyabadilisha baadaye. Alipotafuta mengine hakupata yanayokaa vizuri kuliko yale ya ovyo. Yakabaki. Mara ya kwanza kusoma habari hii nilicheka, maana nilishawahi kukesha na kamusi nikitafuta maana yake.

Jambo jingine la kusikiliza ni kwamba beti anaimba Per, si Marie. Wimbo uliowafungulia dunia unaongozwa na yule anayehesabiwa sauti ya pili.

Wapigaji wengine walikuwa nani? Au ni mashine?

Vyote viwili. Prodyuza wao tangu mwanzo ni Clarence Öfwerman, ambaye pia alipiga vinanda jukwaani, na sauti ya Roxette ni yake kama ilivyo ya wale wawili. Gitaa kuu ni la Jonas Isacsson, ngoma ni za Pelle Alsing. Ni kundi la wawili kwenye jalada na bendi kamili jukwaani.

Baada ya The Look nini kilifuata?

Dressed for Success uliishia namba 14 Marekani, na wenye mashaka wakaanza kunong'ona. Halafu ukaja Listen to Your Heart. Novemba 1989 ulishika namba moja, ukiwa wimbo wa kwanza kufika pale bila kuuzwa Marekani kwenye santuri ndogo ya inchi 7. Uliuzwa kwa kaseti. Dangerous ukafuata, ukafika namba 2 mapema 1990.

Video ya Listen to Your Heart ilipigwa kwenye magofu ya kasri la Borgholm, kisiwani Öland. Kuta kubwa za mawe bila paa, upepo, na Marie anaimba pekupeku. Wimbo wenyewe Per na mwenzake wa Gyllene Tider, Mats Persson, waliutunga wakiiga kwa makusudi zile nyimbo kubwa za majonzi za redio za Kimarekani, zenye gitaa la kulia na kiitikio cha kupasua anga. Walianza kwa mzaha wa kuigiza, lakini Marie alipouimba mzaha ukaisha.

It Must Have Been Love uliandikwa kwa ajili ya filamu ya Pretty Woman?

Hapana, na hili swali nalipenda kuliko yote.

Mwaka 1987 EMI Ujerumani waliwaomba wimbo wa Krismasi. Per akatunga, ukarekodiwa, Wajerumani wasiutoe. Ukatoka Uswidi peke yake Desemba 1987, ukafanya vizuri, Krismasi ikapita, ukawekwa kando kama mapambo ya mti. Miaka miwili baadaye watengenezaji wa Pretty Woman wanatafuta wimbo. Roxette wako njiani wanazunguka, hawana muda wa kutunga mpya. Per akaukumbuka ule wa zamani. Wakaongeza kidogo gitaa, wakatengeneza mwanzo mpya, na palipotajwa siku ya Krismasi Marie akaimba upya ili pawe siku ya kipupwe. Neno moja limebadilishwa, wimbo wa sikukuu ukawa wa mwaka mzima.

Kwenye filamu unaingia pale mhusika wa Julia Roberts anapoondoka hotelini ndani ya gari refu, akidhani mambo yameisha. Juni 1990 ulikaa namba moja Marekani wiki 2. Wimbo uliokataliwa Ujerumani, kwenye albamu iliyobeba nyimbo za mastaa kadhaa, ndio uliotamba kuliko zote.

Na Joyride?

Namba moja ya 4 na ya mwisho Marekani, Mei 1991. Mbegu yake ni kikaratasi: mpenzi wa Per, ambaye baadaye alimuoa, alimwachia ujumbe juu ya piano akimwita mjinga na kumwambia anampenda. Hayo yakawa maneno ya kuanzia. Jina la wimbo lilitoka kwa Paul McCartney, aliyewahi kufananisha kutunga nyimbo na John Lennon na safari ndefu ya raha garini. Albamu yenye jina hilohilo iliuza zaidi ya nakala milioni 11 duniani, na ziara yake ilizunguka Ulaya, Australia na Amerika zote mbili.

Uingereza je?

Kule walihangaika. The Look ulifika namba 7, kisha Listen to Your Heart ukaanguka namba 62. Mpaka filamu ilipowapeleka namba 3 ndipo Waingereza wakarudi nyuma na kuununua tena ule waliouacha. Ulipotolewa upya pamoja na Dangerous mwaka 1990 ukafika namba 6. Namba moja Uingereza hawakuwahi kupata.

Nyimbo zao zilifikaje Afrika Mashariki wakati ule?

Kwa kanda. Mwaka 1989 Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na redio ilikuwa ya serikali, RTD. Kenya stesheni ya pili ya televisheni, KTN, ilianza 1990. Kwa hiyo video za muziki zilitufikia kwenye mikanda ya VHS iliyopita mikono kumi, na Pretty Woman ilikuwa mojawapo.

Mimi nilimsikia Marie kwa mara ya kwanza kwenye kanda ya kurekodiwa dukani. Unampelekea mwenye duka kanda tupu ya dakika 90 na orodha yako, unarudi kesho yake. Nafasi ikibaki mwishoni anakujazia anachopenda yeye, na huyu alipenda mambo ya kuliza. Kwenye karatasi ya ndani, kwa wino wa bluu, ameandika "ROKSETI – MAST HAVI". Betri zikianza kuchoka, Marie anaimba kwa sauti ya mwanamume. Unachomoa kanda, unairudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa zilizobaki. Disko nayo, ukifika muda wa bluzi, taa zikapunguzwa, DJ alijua cha kuweka. Wapo waliooana kwa wimbo huu bila kujua kwamba unaimba penzi lililokwisha.

Kwa nini Marekani waliwapotezea ghafla?

Sababu ya kwanza haikuwa muziki. Spending My Time ulipokuwa unaanza kupanda mwishoni mwa 1991, kampuni yao ya Marekani ilikuwa inaunganishwa na nyingine, wafanyakazi wengi wakapunguzwa, na waliokuwa wakipigania wimbo ule redioni hawakuwa tena ofisini. Ukaishia namba 32. Sababu ya pili ni upepo: vijana wa Marekani walikuwa wamegeukia gitaa chafu za Seattle na hip hop, na pop la Kiswidi lenye kung'aa likaonekana la kaka na dada zao. Mwaka 1994 sehemu ya albamu ya Crash! Boom! Bang! iliuzwa Marekani kupitia migahawa ya McDonald's, nakala hadi milioni 1, na wenye maduka ya muziki wakanuna. Mtu aliyenunua kanda pamoja na chipsi hatairudia dukani.

Kwingineko hawakupoa. Februari 1995 walipiga Beijing, bendi ya kwanza ya Magharibi ya ukubwa wao kualikwa tangu Wham! mwaka 1985. Mwaka 1996 wakatoa albamu ya nyimbo zao za taratibu kwa Kihispania, na Amerika Kusini ikawa nyumbani kwa pili.

Marie aliugua nini?

Septemba 11, 2002, alianguka bafuni nyumbani kwake. Ilikuwa uvimbe kwenye ubongo. Matibabu yalimwokoa ila yalichukua mengi: jicho la kulia likapoteza uwezo wa kuona, na kwa muda hakuweza kusoma wala kuhesabu. Mtu aliyekuwa na mamia ya mistari kichwani akaanza upya kama mtoto wa chekechea.

Mwaka 2009 alirudi jukwaani na Per. Kisha zikaja albamu ya Charm School mwaka 2011 na ziara ya dunia. Mwishoni aliimba ameketi kwenye kiti kirefu, kwa kuwa mguu haukumbeba. Umati ulimmalizia alipokwama. Aprili 2016 madaktari wakamshauri asimame kabisa. Alifariki Desemba 9, 2019, akiwa na miaka 61.

Wameuza rekodi ngapi?

Hesabu inayotajwa ni zaidi ya milioni 75.

Roxette bado ipo?

Per aliendelea kwanza kwa jina la PG Roxette, albamu ikatoka 2022. Mwaka 2024 akatangaza kwamba mwimbaji Lena Philipsson, Mswidi mwenzake, ataimba naye jukwaani nyimbo za Roxette, na ziara ya 2025 ikaanzia Afrika Kusini. Mashabiki wamegawanyika. Mimi sina kinyongo: nyimbo ni za Per, na Lena hajaribu kuwa Marie.

Nianze kusikiliza wapi?

Usianze na mkusanyiko wa vibao bora. Chukua Look Sharp!, wimbo wa kwanza, sauti juu, ukijifanya wewe ndiye yule bwana wa redio wa Minneapolis na kijana amesimama mlangoni anasubiri albamu yake. Ukimaliza, tafuta It Must Have Been Love ule wa Krismasi wa 1987, uusikilize mwanzo mpaka mwisho, kisha uweke wa 1990. Katikati ya wimbo, pale neno lilipobadilishwa, tega sikio.